Tulivyokwenda Iringa Kukiona Chuo

Tangu turudi, duka la dawa ninakofanya kazi pale Donholm limegeuka baraza. Mtu anaingia na karatasi ya daktari mkononi, lakini kabla hajaniuliza dawa ananiuliza, "Nekesa, mlifika? Huko kukoje?" Wenzangu wa kwaya nao hunizunguka kila Jumapili baada ya ibada, nikaanza kusimulia, nikafika nusu, mtu akaja tukakatizwa. Sasa kila mmoja ana kipande chake. Kuna aliyesikia tulilala porini na kuna aliyesikia Mama alipigana na mhudumu wa hoteli. Hatukulala porini, na Mama hakupigana na mtu. Basi nimekaa nikaandika yote, msome wenyewe.

Kwa wasionijua sana: nina miaka thelathini na moja, nina diploma ya famasi, na naishi Mowlem na Mama na binti yangu Imani, mwenye miaka saba. Nilikulia Shauri Moyo, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Alipofariki, Mama alitulea mimi na dada yangu Nafula kwa kuuza mapazia ya mitumba Gikomba, na mpaka leo anauza. Shahada nilikuwa nimeiweka kando miaka mingi, kisha mwaka huu nikapata nafasi mbili kwa mpigo. Moja ni hapa Nairobi, masomo ya jioni, chuo ambacho ningetoka kazini nikaingia darasani. Ya pili ni ya chuo kikuu cha umma cha utafiti kilicho nje ya mji wa Iringa, Tanzania. Huko wanafundisha kemia ya dawa za mimea, na wanaoingia ni wachache mno. Walinipa mpaka mwisho wa mwezi nitoe jibu, na wakanialika kwenye siku ya wageni, nikione chuo kabla ya kuamua.

Mpango ulikuwa kwamba nikienda, Imani abaki na Mama miaka yote minne. Nilimwonyesha Mama picha za chuo kwenye simu: vilima, majengo, wanafunzi wanaocheka. Alizitazama moja moja, akanirudishia simu.

"Sikukatazi," akasema. "Lakini siwezi kubaki na mtoto wako miaka minne kwa sababu ya picha. Twende nikione mwenyewe."

"Mama, ni mbali. Ni siku nzima nzima kwenye basi."

"Kwani nimekuuliza ni mbali kiasi gani?"

Imani akapelekwa kwa Nafula, Mama akamwachia jirani yake wa Gikomba kibanda, tukaondoka.

Mowlem hadi Arusha

Mama alipika kana kwamba tunahama. Chapati, viazi vitamu, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, na chupa mbili za chai. Nilimwambia hotipoti ile ni kubwa, akaniambia njaa haijui mtu amepanda basi la aina gani. Tulipofika Namanga hakukuwa na kitu. Alikuwa amewalisha watu wa viti vya mbele, wa nyuma, na bwana mmoja wa ng'ambo ya pili ambaye alikuwa amelala, akaamshwa ale yai.

Mpakani tulikaa sana. Mabasi mengi yalikuwa yamefika pamoja na mstari ulijikunja mpaka kwenye jua. Mimi nilikuwa naangalia saa kila mara. Mama alikuwa amekaa juu ya begi letu akizungumza na wanawake wa Kimaasai waliokuwa wakiuza shanga, kila mmoja akishika kitambaa cha mwenzake na kuuliza kinafuliwaje. Ilipofika zamu yetu nililazimika kumwita.

Arusha tuliingia jioni, tukapata gesti safi karibu na stendi, tukashuka kula kwenye hoteli ndogo ya jirani. Hapo ndipo palipozaliwa ile hadithi ya vita.

"Nipe chai mbili," nilimwambia msichana aliyekuja kutuhudumia. "Uniletee na ndengu na chapati nne."

Msichana alisimama akanitazama usoni. "Dada, kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Naona unaniamrisha."

Mama aliingilia kati haraka. "Mwanangu, usikasirike. Hicho ndicho Kiswahili chetu sisi wa Nairobi. Hana ubaya."

Msichana akacheka, akanifundisha palepale: unasema *naomba* chai, unasema *naomba* chapati, na mtu akikuletea unasema asante hata kama amekuletea chumvi tu. Nilirudia kama mtoto wa chekechea. Kisha akasema, "Ila dengu hatuna. Kuna choroko."

"Choroko ni nini?" Mama akauliza.

"Ni choroko tu, mama."

Zikaja. Mama aliinama juu ya sahani, akachota moja kwa kijiko, akaiinua kwenye mwanga. "Hizi ni ndengu!"

"Mama, hizo ni choroko," msichana akasema. "Dengu ni zile kubwa, za mviringo."

"Nimepika hizi tangu kabla hujazaliwa. Ni ndengu."

Walibishana mpaka mpishi akatoka jikoni na kopo la choroko mbichi kutoa ushahidi, na watu wa meza nyingine wakageuza viti. Kila mtu alikuwa anacheka, Mama mwenyewe akicheka kuliko wote. Aliomba sahani ya pili, akasema, "Naomba choroko," kwa sauti ya kusalimu amri, na hoteli nzima ikampigia makofi.

Njia ya Kondoa

Asubuhi tulipanda basi la Dodoma. Mpango ulikuwa tufike Dodoma mchana, tuunganishe gari jingine, tulale Iringa, na kesho yake asubuhi tuwe chuoni siku ya wageni inapoanza.

Baada ya Babati konda alisimama mbele akatangaza, "Haya, abiria, dakika chache tu, tunachimba dawa!"

Mnajua nilikuwa naenda kukagua chuo cha dawa za mimea. Nilifikiri, hii nchi ni nzuri kiasi gani, mpaka basi linasimama watu wachimbe mizizi! Nikamgusa Mama. "Shuka, tukaone wanachimba dawa gani."

Tukashuka. Wanaume walielekea upande mmoja wa barabara, wanawake upande wa pili, wote kwa haraka, na hakuna aliyebeba jembe. Nilimfuata mama mmoja mnene aliyevaa mtandio wa njano, nikapita naye nyuma ya kichaka, macho yangu yakiwa chini nikitafuta mmea. Akageuka.

"Wewe binti, unanifuata mimi?"

"Samahani, mama. Nilitaka nione mnachimba dawa gani."

Alinitazama, akatazama kichaka, akanitazama tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, tunakojoa! Kuchimba dawa ni kujisaidia!"

Mama aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amekwisha kuelewa zamani, na alikuwa katikati ya shughuli yake. "Mimi niliona hakuna jembe," akasema kutoka kichakani.

Huyo mama wa mtandio wa njano ndiye Mama Zuhura, na kama si yeye, safari yetu ingekuwa nyingine kabisa. Ni Mrangi wa Kondoa anayeishi Dodoma, mjane kama Mama. Tuliporudi kwenye basi aliwaomba watu wabadilishane viti, akaja kukaa nasi, akawasimulia abiria wote habari ya dawa yangu. Sikuwa na pa kujificha.

Tulipita mji wa Kondoa, na mbele kidogo basi likatoa mlio kama wa kitambaa kinachochanika, likapunguza mwendo, likasimama. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Utingo alidandia pikipiki kurudi Kondoa kutafuta mwingine. Alirudi baada ya muda mrefu na mkanda mfupi. Akaenda tena. Jua lilisogea. Wenzangu wa kwaya walinipigia simu wakati huo, mmoja akapiga kelele, "Niaje, msafiri! Umeshakuwa daktari?" Nikamwambia niko kando ya barabara nimekalia jiwe.

Mimi niliumia kweli. Kila saa iliyopita niliiona siku ya wageni ikinitoka. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimemtoa Mama kwenye biashara yake, nimemwacha mtoto, na sasa tumekwama kwa ajili ya mkanda wa mpira.

Mama Zuhura alitandika kanga kivulini, akafungua chakula chake: ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Akamgeukia Mama, akasema, "Karibu, dada."

Baadaye nilikuja kujua kwamba huko mtu akila husema karibu kwa yeyote aliye karibu, na wewe unajibu "asante" ukaendelea na mambo yako. Mama hakujua. Alisikia karibu, akanawa mikono, akakaa, akamega tonge. Niliona abiria wawili wakitazamana. Lakini Mama alipouonja ule mlenda, aliacha kutafuna.

"Nekesa," akaniita. "Njoo. Huu ni mrenda. Ni mrenda wa nyumbani!"

"Na ninyi mnakula mlenda?" Mama Zuhura akauliza.

"Sisi Wabukusu? Tungekufa bila huu. Lakini huu wako umeweka nini, karanga?"

Wakaanza hapo, wanawake wawili waliokutana kichakani, kuzungumzia mlenda. Wa kwao huchanganywa na karanga, wetu na kunde. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, tukala watatu, na sikumwona Mama Zuhura akisita hata mara moja. Nilipomwambia siku kadhaa baadaye, kwa simu, kwamba nimejua tulivyomvamia, alisema, "Kwani ningesema karibu halafu nikatae?"

Dodoma, kwa Mama Zuhura

Mkanda wa tatu ulikubali. Dodoma tuliingia giza linaanza, na gari la Iringa lilikuwa limekwisha kuondoka. Nilikuwa nauliza habari za gesti Mama Zuhura alipochukua begi letu mwenyewe akaliweka kwenye bajaji.

"Mnaenda wapi? Nyumba ninayo."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, ukuta umepakwa rangi ya samawati, na wajukuu walikuwa mlangoni wakimngoja. Msichana wa kwanza alinijia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Nikajibu, "Poa."

Watoto walitazamana. Wa pili naye akajaribu, kwa uangalifu, kana kwamba labda sikusikia vizuri. "Shikamoo." Safari hii nilikumbuka kwamba kuna neno linalofaa, ila halikuja. Nikasema, "Asante sana." Wakakimbilia ndani wakicheka, na usiku ule kila nilipopita sebuleni sauti ndogo ilisema "poa" kutoka nyuma ya kiti.

Tulikula wali na samaki, tukapewa chumba cha binti wa nyumba, na maji ya moto ya kuoga yakiwa yameshatengwa. Mama Zuhura aliniona nikitazama saa tena.

"Unawazia chuo."

"Siku ya wageni inaanza asubuhi, mama. Sisi tutafika jioni."

"Basi mtafika jioni. Wewe umekwenda kuangalia sherehe au kuangalia shule?"

Mama alikuwa amesinzia ameketi, kichwa kimeegemea bega la mtu ambaye asubuhi ile hakuwa akimjua.

Mtera hadi Iringa

Barabara ya Iringa inashuka mpaka bwawa la Mtera, na pale basi likasimama tukanunua samaki waliokaangwa mpaka mifupa ikawa inatafunika. Baada ya hapo inapanda. Joto likabaki chini, madirisha yakafungwa moja baada ya jingine, na Mama, aliyevaa blauzi ya mikono mifupi kwa sababu alikuwa ameambiwa Tanzania ni joto, alijifunga kanga aliyopewa na Mama Zuhura kama mtoto mchanga.

Tulipofika kwenye lango la chuo jua lilikuwa limeelekea magharibi. Mlinzi alitusikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa.

"Poleni sana. Shughuli imekwisha. Wageni wameondoka mchana."

Alituruhusu tuingie tu tupumzike. Kwenye uwanja mahema yalikuwa yanashushwa na viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine. Mama alichomoa kimoja, akakaa katikati ya uwanja mtupu, akalaza mikono yake magotini. Mimi nilisimama. Nilijitahidi nisilie, na nafikiri sikufaulu.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuja akihesabu viti, miwani juu ya kichwa, viatu mkononi, anatembea na soksi kwenye nyasi. "Samahani, mama, hicho kiti…" Akaona begi. "Mmetoka wapi?"

"Nairobi," Mama akajibu. "Kwa basi. Tulialikwa asubuhi."

"Nairobi kwa basi!" Alivuta kiti kingine akakaa. Akajitambulisha: Dokta Subira, mwalimu wa idara ileile niliyopata nafasi. Akauliza jina langu, akalikumbuka. "Wewe ndiye wa duka la dawa. Tulikutafuta."

Nikaanza kumwomba radhi, nikimweleza habari ya mkanda. Nikamuuliza kama angeweza kunionyesha chuo kidogo, hata kwa nje tu.

"Leo hapana," akasema. "Leo nimesifu chuo hiki tangu asubuhi, nimechoka, nitakudanganya. Njooni kesho. Kesho nitakuwa na akili ya kuwaambia ukweli."

Chuoni

Nawaambia wazi: kuikosa siku ya wageni ndiyo bahati kubwa niliyopata safari nzima. Waliokuja siku ile walipata hotuba na soda. Sisi tulipata siku ya kawaida, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeitwa Faraja, ambaye Dokta alimwambia mbele yetu, "Waonyeshe kila kitu. Hata yale mabaya."

Faraja alitii. Alituonyesha maktaba, ambayo ni nzuri, na akatuambia wakati wa mitihani lazima uwahi alfajiri la sivyo utasoma umekaa kwenye ngazi. Alituonyesha maabara ya mwaka wa kwanza, ambako wanafunzi hupeana zamu kwenye vifaa. Alituonyesha mashine kubwa ya kupimia kemikali, akaipigapiga mgongoni. "Hii imelala. Inangoja kipuri. Tukiihitaji tunatuma sampuli kwingine, tunasubiri."

"Na walimu?" nikauliza.

"Wengine wapo, wengine wako kwenye tafiti zao hata kuwaona ni kazi. Dokta Subira utampata. Ila atakuuliza swali juu ya swali mpaka ujute kumtafuta."

"Wanaofeli ni wengi?" Mama akauliza. Hilo alikuwa amelibeba tangu Mowlem.

Faraja alimjibu bila kupepesa macho. "Tulioanza si wote tuliobaki, mama. Mwaka wa kwanza ni mgumu. Mimi mwenyewe nilirudia somo moja."

"Na bado uko."

"Bado niko. Njooni niwaonyeshe kwa nini."

Akatupeleka chumba kirefu chenye meza, na kila meza ina jina la mwanafunzi na mmea wake. Huko, ukifika mwaka wa tatu, unapewa swali moja la kweli, lisilo na jibu kwenye kitabu chochote, na unakaa nalo. La Faraja lilikuwa gome linalotumiwa na wazee wa kwao kwa vidonda vya tumbo. Alituonyesha chupa zake moja moja, nyingi zikiwa za majaribio yaliyoshindikana, na alizionyesha kwa fahari ileile.

Dokta Subira alitukuta hapo. Hakunikaribisha wala kunisifu. Aliniuliza, "Wewe unataka kujua nini?"

Nilimwambia habari ya wateja wangu. Jinsi mama wa miaka sitini anavyokuja kuchukua vidonge vya presha, na kwenye kikapu chake ana unga wa magome aliouziwa njiani, na wiki inayofuata anarudi akiwa na kizunguzungu. Nawauliza wanameza vipi, wananiambia vyote pamoja. Sijui kilichomo kwenye unga. Sijui kama ndicho kinachogombana na vidonge au la. Nawaambia waache, hawaachi, na sina cha kuwaeleza zaidi ya kuwakataza.

"Umeuliza mtu?"

"Nimeuliza. Hakuna aliyekuwa na jibu."

"Nami sina," akasema. "Hapa hutapewa jibu la swali hilo. Utapewa meza, na watu wa kukuambia ulipokosea. Inaweza kukuchukua miaka yote minne na usimalize."

Kisha akafungua mlango wa nyuma, chumba cha mimea iliyokaushwa. Rafu mpaka darini, kila tawi limebanwa kwenye karatasi. Akaniuliza kama nayajua majina ya miti ambayo wateja wangu huambiwa ndiyo unga wao. Nikayatafuta. Nikapata moja, nikapata la pili, nikaanza kumuuliza, naye akaniuliza, Faraja akaingilia, na sijui tulikaa humo muda gani. Nilipoinua kichwa, Mama hakuwepo.

Nilimtafuta kwenye korido, kwenye uwanja, nikamuuliza mlinzi. Akaniambia mama yangu ametoka nje ya lango, ameelekea mtaani.

Alirudi jua likiwa kichwani, viatu vyekundu kwa vumbi, akiwa na mwanamke mwingine ambaye alimtambulisha kama mwenye nyumba.

"Nimeona chumba," akasema. "Kina dirisha upande wa jua. Hapo mbele kuna shule ya msingi, nimeingia nikaongea na mwalimu mkuu. Watoto wanavaa masweta na wanakunywa uji saa nne."

Sikumwelewa. Dokta Subira ndiye aliyeelewa kwanza. "Mama, bwenini hawaruhusu watoto. Lakini mwanafunzi akipanga nje, hilo ni lake." Akanigeukia. "Sitakudanganya, itakuwa ngumu kuliko wenzako. Mtoto akiugua usiku, asubuhi bado kuna maabara."

"Alikuwa na mtoto na kazi na diploma kwa pamoja," Mama akamjibu. "Ugumu anaujua."

Kurudi

Njia ya kurudi haikutupa visa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Dodoma tulipita tukamsalimu Mama Zuhura stendi; alikuwa ametuletea karanga na mlenda mkavu, na wale wajukuu wawili. Nilisema "marahaba" kabla hawajafungua midomo, wakasikitika.

Tulipoipita Babati ndipo nikamuuliza Mama. "Si ulikuja kuangalia kama utakubali kubaki na Imani?"

"Nilikuja kutafuta ubaya," akasema. "Nilikuwa nimepanga nikirudi nikwambie soma hapa Nairobi. Na ubaya niliupata, yule msichana alinionyesha mwingi." Alitafuna karanga moja. "Lakini kwenye kile chumba cha majani nilikuita mara mbili, hukunisikia. Tangu baba yako afe sijawahi kukuona umesahau kwamba kuna watu wanakungoja. Nikatoka nje. Nikasema, huyu lazima aje. Na bila mtoto hatasoma, atashinda akilia kwenye simu. Kwa hiyo nikaenda kutafuta chumba."

Nilimshika mkono, nikaushika mpaka Arusha. Ningewataja wote walionisaidia, kuanzia mpishi wa choroko hadi utingo aliyekwenda Kondoa mara tatu kwa ajili yetu, lakini wengi wao sijui hata majina yao. Mungu anawajua.

Jibu nimeshalituma. Nimekubali, na tutaondoka mimi na Imani muhula utakapoanza. Kwa hiyo wateja wangu wa Donholm, mtanisamehe. Yule kijana anayekuja kushika nafasi yangu ni mwangalifu, mwambieni ukweli kuhusu vikapu vyenu.

Imani tulimchukua kwa Nafula, tukamweleza jioni ileile tuliyofika Mowlem, tukiwa mezani. Alisikiliza habari za baridi, za shule, za uji wa saa nne. Aliuliza kama atapata sweta, nikamwambia ndiyo. Akafikiri, akamtazama bibi yake.

"Na kukhu, wewe utalala na nani?"

Maana wao wawili hulala kitanda kimoja tangu Imani aache kunyonya.

"Mimi?" Mama akasema. "Mimi nitalala katikati ya kitanda, nimetandaza miguu na mikono, hakuna wa kunipiga mateke. Nitalala kama malkia."

Imani alicheka sana, nami nikacheka. Mama akakusanya sahani, akaenda jikoni, akafungua mfereji. Maji yalitiririka muda mrefu kuliko sahani tatu zinavyohitaji, na sikumfuata mpaka alipoufunga mwenyewe.